Jinsi ya Kwenda na Mwenzi Wako kwenye Tamasha la Kantri la Uwanja wa Wazi Nairobi

Mke wangu alizaliwa na kulelewa Mombasa, katika ukoo ambao harusi haikamiliki bila taarabu, nami nilikulia nyanda za juu za Bonde la Ufa, ambako sauti za Jim Reeves na Don Williams, waimbaji wa muziki wa kantri wa Marekani, zilikuwa zikitoka kwenye redio za dukani siku za Jumapili. Mara ya kwanza nilipompeleka kwenye tamasha la kantri la uwanja wa wazi jijini Nairobi, nilimwambia tu kwamba tunakwenda kusikiliza muziki, naye akavaa dera na ndara za ngozi kama mtu anayekwenda kupunga upepo wa bahari Mama Ngina, kwao Mombasa. Ilikuwa Julai. Kufikia saa moja usiku alikuwa amejifunika koti langu, mimi natetemeka ndani ya shati la mikono mifupi, na msanii tuliyemlipia kiingilio bado hajapanda jukwaani. Maelekezo haya yametokana na usiku ule na mingine kadhaa iliyoufuata. Nimeyaandika hasa kwa ajili ya wanandoa ambao mmoja wao anaupenda muziki huu na mwingine anamsindikiza, kwa sababu hapo ndipo pana kazi. Wawili wanaoupenda sawasawa watastahimiliana hata wakinyeshewa.

Kabla ya kununua tiketi

Mwenzi asiyeizoea kantri mara nyingi huwa na pingamizi moja, kwamba huo ni muziki wa Wazungu wa Marekani na yeye hauhusiani naye. Usimjibu kwa kumcheka. Mweleze kwamba Jimmie Rodgers, mwimbaji wa kantri wa Marekani ambaye sauti yake ilirekodiwa kwa mara ya kwanza mwaka 1927 katika mji wa Bristol huko Tennessee, alifika Kenya kwa njia ya santuri zilizochezwa kwa gramafoni, na Wakipsigis waliomsikia wakamtungia hadithi zao kana kwamba ni kiumbe cha ajabu, nusu mtu na nusu swala. Mwaka 1950 mtafiti wa muziki Hugh Tracey aliwarekodi wasichana wa Kikipsigis wa Kapkatet wakimwimba kwa jina la Chemirocha, ambalo ni jina lake hilohilo lililotamkwa Kikipsigis. Kwa hiyo muziki huu umekuwa nchini tangu zama za ukoloni, na leo una wasanii wake wa nyumbani, anayefahamika zaidi akiwa Elvis Otieno, maarufu kama Sir Elvis. Katika miaka ya karibuni mwezi wa Julai umekuwa na mkusanyiko mkubwa wa kuadhimisha siku ya makauboi jijini Nairobi, na watu huja wamevaa kofia pana na buti utadhani wameacha ng'ombe wao langoni.

Baada ya historia, yafikie maneno ya nyimbo. Kantri ni muziki wa masimulizi: mume aliyeachwa, mama aliyezeeka, mtu aliyepoteza shamba, mlevi anayeahidi kuacha pombe kesho. Asiyefuata maneno atasikia gitaa zinazofanana kwa saa tano mfululizo, na huwezi kumlaumu akichoka. Katika wiki moja kabla ya tamasha, chagua nyimbo tatu au nne ambazo una hakika zitapigwa, zisikilizeni pamoja jikoni au garini, na umfasirie pale ambapo lafudhi ya kusini mwa Marekani inameza maneno. Mke wangu aliposikiliza kwa makini wimbo wa mwanamke anayemwomba mwenzake asimchukulie mume, alisema hiyo ni taarabu iliyovaa kofia, na tangu siku hiyo sikuwa na haja ya kumshawishi tena. Kwa aliyezoea kusikiliza mafumbo na mipasho, kantri si ngeni hata kidogo.

Kisha kubalianeni mambo manne kabla fedha hazijatoka: mtaondoka saa ngapi, mtatumia kiasi gani kwa jumla, nani hatakunywa pombe ili aendeshe gari, na mtakaa karibu na jukwaa au mbali nalo. La kwanza ndilo zito zaidi. Matamasha mengi ya Nairobi hutangazwa kwamba yanaanza saa nane mchana, lakini msanii mkuu hupanda jukwaani usiku, pengine saa tatu au saa nne, na yule aliyekuja kwa ajili yake hatakubali kuondoka kabla. Ikiwa mna watoto nyumbani na msichana wa kazi au jamaa aliyewakalia anatarajia mrudi saa tatu, mmekwisha kugombana hata kabla ya kufika. Afadhali mfike saa kumi na moja jioni na kuwakosa wasanii wawili wa mwanzo, kuliko mfike saa nane na mwenzi wako awe amechoka kabla ya yule uliyemfuata kuimba.

Nunueni tiketi kwa njia iliyotangazwa na waandaaji wenyewe, na baada ya kuzipata, ziwe kwenye simu zote mbili, zikiwa zimehifadhiwa kama picha. Simu moja ikizimika mlangoni au intaneti ikikwama kwa wingi wa watu, nyingine itawaokoa. Someni pia masharti ya tiketi, kwa kuwa ndiyo yanayosema kama mnaruhusiwa kuingia na viti vya kukunja, chakula au chupa ya maji. Chukueni vitambulisho vya taifa, kwa sababu sherehe zenye pombe huweka umri wa miaka 18 kuwa sharti, na mlinzi mwenye bidii hataangalia mvi.

Mavazi, baridi na mizigo

Wageni wengi hudhani kwamba Afrika Mashariki yote ni joto, na watu wa Pwani, ndugu zetu, hudhani vivyo hivyo kuhusu Nairobi mpaka wapatwe. Jiji hili liko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na miezi ya Juni, Julai na Agosti ndiyo yenye baridi zaidi mwakani. Mawingu hukaa mchana kutwa, manyunyu huja bila kuaga, na usiku kipimo kinaweza kushuka hadi nyuzi 10 au 12. Namba hizo si kitu kwa mtu anayetembea, lakini kwa mtu aliyekaa kitako kwenye nyasi kwa saa nne ni jambo jingine kabisa. Vaeni nguo kwa tabaka: fulana inayobana mwili kidogo, shati zito la mirabaraba, sweta, kisha koti lisilopitisha upepo. Koti hilo mtalibeba mikononi mchana mkijiona wajinga, na jua likizama, karibu saa kumi na mbili na nusu, hamtalijutia. Aliyezoea joto la Pwani aongezewe soksi nzito na skafu, na ajulishwe mapema, si asubuhi ya safari.

Mavazi ya kauboi ni nusu ya raha yenyewe, nami nawashauri mjipambe bila aibu. Buti za mitumba za ngozi hupatikana kwenye masoko ya Gikomba na Toi jijini kwa yule anayejua kuchagua na kupatana bei, pamoja na mikanda yenye bizimu kubwa na mashati ya jinzi. Hata hivyo buti mpya, au za mitumba ambazo zimekwisha kuchukua umbo la miguu ya mtu mwingine, ni adui wa ndoa. Zivaeni nyumbani kila jioni kwa wiki nzima, hata kama majirani watashangaa, na mbebe plasta za malengelenge mfukoni. Kofia pana nayo ina adabu yake: mchana ivae, lakini mkiwa mmesimama katikati ya umati usiku, ivue au isogeze nyuma, kwa maana aliye nyuma yako amelipa kiingilio kama wewe. Ikiwa mwenzi wako ni mfupi kuliko wewe na amesimama nyuma yako, sina haja ya kueleza zaidi.

Kwa ajili ya kukalia, watu wengi hubeba shuka ya Kimaasai peke yake, nayo ni nzuri ya kujifunika lakini si nzuri ya kutandika moja kwa moja kwenye nyasi, kwa kuwa umande hupenya chini yake baada ya muda mfupi. Tandikeni kwanza turubai jembamba, kisha shuka moja juu yake, na nyingine ibaki ya kujifunika mabegani wote wawili. Mwavuli uacheni nyumbani; kwenye matamasha mengi hukataliwa mlangoni, na hata ukiruhusiwa utawazibia wengine jukwaa. Koti la mvua lenye kofia linatosha.

Mizigo yote hiyo iwekeni kwenye kiondo kikubwa au mfuko wa kitambaa, kwani mifuko ya plastiki ya kubebea vitu imepigwa marufuku nchini Kenya tangu Agosti 28, 2017, na walinzi wa milangoni huikumbuka sheria hiyo vizuri zaidi kuliko sisi. Ndani ya kiondo ongezeni karatasi za chooni na sabuni ya maji ya kupaka mikononi, betri ya ziada ya simu, tochi ndogo, na shilingi kadhaa za noti. M-Pesa inatosha siku za kawaida, lakini maelfu ya watu wakikusanyika mahali pamoja mtandao huchelewa, na mwenye kibanda hatawapa nyama kwa ahadi ya ujumbe ambao haujaingia.

Mkishafika uwanjani

Jambo la kwanza mkivuka lango ni kuchagua mahali pa kukutania endapo mtapotezana: mti fulani, nguzo fulani, kibanda fulani chenye rangi ya pekee. Msichague mahali palipo karibu na jukwaa wala mlangoni, kwani umati hubadilika huko kila saa. Baada ya hapo tafuteni vyoo vilipo, mkiwa bado mnaona njia.

Mahali pa kukaa ni suala la sauti kuliko suala la macho. Tazameni katikati ya uwanja, mkielekea jukwaa, mtaona kibanda kidogo chenye meza iliyojaa vitufe. Hapo ndipo anapokaa fundi wa sauti, na kwa kuwa anaupanga muziki kwa namna anavyousikia yeye, mtu aliyekaa karibu naye ndiye anayesikia maneno kwa uwazi zaidi. Kwa muziki unaotegemea maneno, sijui sehemu iliyo bora kuliko hiyo. Msikae mbele ya spika, hata kama nyasi za hapo ni nzuri na watu ni wachache. Uchache wao una sababu. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani liliweka kiwango kwamba sauti katika kumbi na matamasha isizidi wastani wa desibeli 100 (desibeli ndicho kipimo cha ukubwa wa sauti), na kwenye uwanja wa wazi sauti hupungua takriban desibeli 6 kila umbali wenu kutoka kwenye chanzo unapoongezeka maradufu, ingawa zile safu ndefu za spika za kisasa hupeleka nguvu mbali zaidi ya hapo. Vizibo vya masikio vya povu vinavyouzwa kwenye maduka ya dawa ni vya bei ndogo, na mwenzi aliyekuja kwa hisani atakushukuru kwamba ulimkumbuka.

Chakula kiagizeni mapema. Nyama choma ya tamashani huuzwa kwa uzito kama kwingineko, na mbuzi aliyetiwa motoni baada ya ninyi kuagiza anaweza kuchukua saa nzima. Ukiagiza saa mbili usiku wakati kila mtu ameona njaa, utaila msanii mkuu akiwa katikati ya wimbo ulioufuata. Agizeni saa kumi na mbili, mle wakati vyombo vinabadilishwa jukwaani, na mwombe ugali na kachumbari viletwe pamoja. Kwa Mwislamu, kama alivyo mke wangu, ulizeni mapema nani amechinja, na kama jibu si la uhakika kuna mahindi ya kuchoma na viazi karai. Swala ya magharibi huangukia wakati huohuo wa mapumziko, kwa hiyo tafuteni pembe tulivu ya uwanja kabla jua halijazama. Turubai lile la kukalia, likiwa safi, hutosha kuwa mahali pa kuswalia. Nilipoanza kulipanga jambo hili bila kuombwa, safari zetu zikawa tofauti.

Kuhusu pombe sina mahubiri. Ila mmoja akiwa hanywi, yule anayekunywa apunguze, kwa sababu saa tano ni nyingi kwa mtu mwenye fahamu zake kumsikiliza mwenzake akieleza kwa mara ya nne jinsi Kenny Rogers alivyokuwa.

Kucheza

Mtafika wakati ambapo watu watajipanga kwa safu, wote wakitazama upande mmoja, na kuanza kupiga hatua pamoja. Mchezo huu huwatisha wageni bure. Hatua hurudiwa kwa hesabu maalumu, mara nyingi 32, na mwisho wa kila mzunguko safu nzima hugeuka kutazama upande mwingine na kuanza upya. Kosa la mgeni ni kusimama safu ya nyuma ili asionekane. Safu ikigeuka, yeye ndiye huwa wa mbele, naye hana wa kumwiga. Simameni katikati, ili kila upande mtakaogeukia kuwe na mtu mbele yenu anayejua. Msijaribu kuanza na miguu na mikono kwa pamoja. Shikeni miguu kwanza kwa mizunguko miwili, dole gumba likiwa kwenye mkanda, kisha mengine yatakuja. Aliyewahi kucheza mugithi, ngoma ambayo jina lake kwa Kikuyu ni garimoshi, ataona kwamba mwili wake unalijua jambo hili tayari: kwenda kwa safu na kumfuata aliye mbele.

Kwa wimbo wa polepole, chezeni wawili. Hatua rahisi ya kantri ni mbili za haraka na mbili za taratibu, anayeongoza akianza kwa mguu wa kushoto na mwenzake kwa wa kulia, na wanaocheza huzunguka uwanja kinyume cha mwendo wa saa. Kwenye nyasi fupisheni hatua, kwani buti hazitelezi kama kwenye sakafu ya mbao na goti hujipinda kwa urahisi. Kama mwenzi wako hataki kucheza, mwache akae, ucheze nyimbo mbili na urudi. Usimvute mkono mbele za watu. Kuna waume, na wake pia, wanaodhani kwamba kukataa ni deko, na huishia kucheza na mtu aliyenuna.

Kuondoka

Nusu saa kabla ya saa mliyokubaliana, anzeni kukusanya vitu na kwendeni chooni, kwa kuwa foleni huwa ndefu mara tu wimbo wa mwisho unapokwisha. Mkija kwa gari lenu, liegesheni tangu mwanzo likielekea njia ya kutokea na mbali na magari yatakayowazibia. Usiku wetu ule wa kwanza tulisubiri zaidi ya saa moja kwa sababu mwenye gari la mbele yetu alikuwa bado anacheza. Dereva awe hajanywa kabisa, kwani polisi wenye vifaa vya kupima pumzi huujua usiku wa tamasha kama ninyi mnavyoujua. Mkija kwa teksi ya kuitwa kwa simu, fahamuni kwamba bei hupanda dakika ileile umati unapotoka. Kuna njia mbili tu: kuondoka nyimbo mbili kabla ya mwisho, au kukaa ndani ya uwanja kwenye mwanga kwa dakika 40 hivi mpaka bei ishuke. Msitembee barabarani usiku mkitafuta gari la bei nafuu huku mmeshika simu mkononi.

Mke wangu huchagua kukaa. Siku hizi tunaacha chupa ya chai ya tangawizi garini, pamoja na viatu vyepesi vya kubadilisha baada ya buti, na tunakunywa chai hiyo milango ikiwa imefungwa huku magari ya mbele yakitoka moja moja. Tangawizi ipondwe mbichi na ichemshwe na maji kabla ya kutia maziwa, kwa sababu ikitiwa ndani ya maziwa yanayochemka inaweza kuyakatisha, na chai iliyokatika haitawasaidia kitu saa sita ya usiku.